Jibu: Je, ndege hufundishwa na mama yake tu?

Ndugu, umeuliza hivi: ikiwa silika ni mazoea ambayo kinda huyapata kwa mamake, Mungu anaingia wapi?

Njoo Dunga hapa Kisumu, utazame kwera, wale ndege wa manjano wanaosuka viota kwenye mafunjo. Dume husuka, jike hukagua; asiporidhika, dume hukibomoa na kuanza upya. Nakubaliana nawe kwamba kuna kujifunza: madume wachanga husuka ovyo mwanzoni, kisha mkono hukomaa.

Lakini mtazame ndege mwingine, kekeo. Jike lake hutaga katika kiota cha kwera na kwenda zake. Kinda huanguliwa bila kumwona mzazi wake hata siku moja, akalishwa na kwera mpaka aote manyoya. Kama silika ingekuwa somo la mama, angekua akisuka na kuimba kama kwera. Sivyo! Akikomaa huimba wimbo wa kekeo, hasuki chochote, na jike hutafuta kiota cha mwingine atage. Somo hilo alilipata ndani ya yai. Wanasayansi watasema ni urithi wa jeni, nami sipingi. Jeni ndiyo maandishi. Mimi naamini yana mwandishi. Yeremia naye alisema ndege wa angani wanajua nyakati zao.

Jambo moja hunisumbua: kinda huyo huyasukuma nje mayai ya mwenyeji wake. Hapo sina jibu jepesi, wala sitaki kukudanganya kwamba ninalo.