Jibu: Sanamu za moyoni utazijuaje, na unaziachaje?

Ndugu uliyeuliza, unasema umeokoka, huna hirizi wala huendi kwa basamize (waganga wa mizimu), sasa mahubiri ya sanamu za moyoni, yaani vitu tunavyoviweka mahali pa Mungu, yanakuhusu nini. Yanakuhusu. Wale ambao Ezekieli 14:3 inasema wametia vinyago mioyoni mwao walikuwa wazee wa Israeli, waliokuja wenyewe kuketi mbele ya nabii.

Usianze kusaka dhambi kubwa. Anza na vitu vizuri: mtoto, kazi, kiwanja, uchumba, hata huduma. Nyoka ya shaba Musa aliitengeneza kwa agizo la Mungu, watu wakapona. Kufikia enzi za Hezekia walikuwa wanaifukizia uvumba, naye akaivunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4).

Chukua daftari, jipe wiki mbili. Kila jioni andika kilichokukasirisha kupita kiasi, ulichodanganya ili kukilinda, na kilichokunyima usingizi. Kisha toa taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, uweke alama kwenye kila malipo ambayo usingependa mkeo ayaone. Hapa ndipo wengi hushtuka: sadaka ya shilingi 5,000 inauma, ilhali 2,000 za kubeti hutoka kila siku, na mwezi ukiisha ni 60,000. Usihukumu kwa siku moja, maana hasira nyingine ni njaa tu. Tafuta kinachojirudia.

Hicho nacho huenda ni tawi tu, mzizi uko chini. Jiulize: nikikikosa, naogopa nini kitanipata? Anayebeti mara nyingi anaogopa kudharauliwa na wakwe siku ya kwanjula, yaani sherehe ya kujitambulisha ukweni. Akiacha kubeti bila kuigusa hofu hiyo, itahamia kwenye mikopo.

Kwa kuacha, soma Waamuzi 6:25-27 polepole. Gideoni alibomoa madhabahu ya Baali, akajenga ya Bwana, na mti wa Ashera ukawa kuni za sadaka. Alikwenda na watu kumi, tena usiku kwa kuogopa, na Mungu hakumkataa. Kwa hiyo futa programu ya kubeti leo. Saa ileile uliyozoea kubeti, soma zaburi moja uombe, na zile 2,000 ziende kwenye akiba ya SACCO. Mwambie mtu mmoja aliyekomaa, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, akuulize kila Jumamosi. Kundi zima la WhatsApp halihitaji kujua. Kama kuna mtu uliyemdhulumu, mlipe, hata kwa awamu. Balokole, yaani waliookoka wa uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, walitubu hadharani na kurudisha walichoiba, na mimi naona tumeipoteza sehemu hiyo ya pili.

Wengi huanguka kwa sababu wanafunga siku tatu, wanalia kwenye mkesha, kisha ile nafasi inabaki tupu. Mathayo 12:43-45 inaeleza jinsi pepo mchafu anavyorudi kwenye nyumba tupu.

Mke, mtoto au kazi havibomolewi, na anayetelekeza familia akidai anamtafuta Mungu amebadilisha sanamu tu. Hapo punguza kushika: mwache mtoto achague masomo yake, kataa kazi ya ziada ya Jumapili. Kama ni uimbaji, mwachie mwingine kipaza sauti kwa mwezi mmoja, ukae viti vya nyuma, na usimsahihishe sauti.