Fundi Anajibu: Ferrari F40 na Lotus Carlton, ipi kali?

SWALI: Fundi mambo. Mimi na shemeji yangu tunabishana toka Idi mpaka leo, yeye anasema Ferrari F40 ndio mwisho wa maneno, mimi namwambia kuna Lotus Carlton ile gari ya saluni ya zamani ya Uingereza, ingeitoa jasho. Nani yuko sawa? Na mtu akipata pesa anaweza kuileta hapa? Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Kwa mbio shemeji kakushinda, pole, na kilichokumaliza zaidi ni uzito. F40 ina injini ya V8, yaani silinda 8, ya lita 2.9, turbo mbili, nguvu kama farasi 478, lakini gari nzima kabla hujatia mafuta na maji ni kilo 1,100 hivi, manake waliivua kila kitu, redio hakuna, kapeti hakuna, stelingi haina pawa, breki hazina ABS ya kuzuia tairi zisigande ukikanyaga ghafla, hata mlango ukitaka kuufungua ukiwa ndani unavuta kamba. Carlton yako nayo ina turbo mbili, silinda 6, lita 3.6, farasi 377, sasa hao farasi wanabeba kilo 1,650 na ushee, milango minne, viti vya ngozi na buti la kuingiza masanduku ya familia. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini usinyong'onyee. Hiyo Carlton ilitoka 1990 ikikimbia kama kilomita 285 kwa saa, wakati BMW M5, saluni kali ya Wajerumani, ilikuwa imefungwa isipite 250. Uingereza kulizuka kelele, magazeti na wabunge wakauliza gari ya familia inataka spidi hiyo ya nini na barabara kuu mwisho ni 112, halafu wezi wakaiba moja huko West Midlands wakawa wanavunjia maduka usiku na gari za polisi haziwafikii hata kidogo. Tangazo gani lingine unataka?

Kwenye bei ndio kuna kichekesho. Carlton zilitengenezwa 950 tu, ukihesabu na zile zilizouzwa kwa jina la Opel Omega, F40 zilipita 1,300, yaani yako ndio adimu zaidi, lakini F40 mnadani inapita dola milioni 2 na Carlton nyingi bado ziko kwenye makumi ya maelfu ya pauni. Kwa sababu gani? F40 ni gari ya mwisho aliyoipitisha Enzo Ferrari mwenyewe kabla hajafa 1988, na Carlton, hata kama kampuni ya Lotus ndio waliitia makali, ilitoka kwenye gari ya kawaida ya kampuni ya Vauxhall, ya kuendea kazini. Watu wananunua jina bana. Halafu mwenye F40 anaogopa kuitembeza bei isishuke, na hata ikilala tu gereji yale matangi yake ya mpira ya mafuta lazima yabadilishwe kila baada ya miaka kama kumi. Mimi nikipewa ufunguo mmoja niendeshe mpaka Nairobi, na matuta yote yale ya njiani, nachukua Carlton bila kufikiria.

Kuileta Mombasa sahau. Kenya gari ya kuagiza isizidi miaka 8 na stelingi iwe kulia, F40 zote zilitoka kiwandani stelingi kushoto kwa hivyo imefeli mara mbili, Carlton za Uingereza stelingi iko sawa lakini za mwisho ni za 1992.