Nimefukuzwa kwa simenti ambayo sikuiiba

"Mama, kwa miaka sita nimetunza depo ya vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Mwanzoni mwa Mei hesabu ilionyesha kwamba mifuko 40 ya simenti haipo. Mwishoni mwa Juni nikapewa barua ya kufukuzwa bila notisi kwa 'kukosa uaminifu'. Sikuchukua hata mfuko mmoja. Lakini mwaka jana nilichukua dola 60 kwenye kasha nikalipa minerval, yaani karo ya shule, ya mtoto, kisha nikazirudisha kimyakimya. Sasa mwajiri anasema nikiandika kwamba nimeacha kazi kwa hiari, hatanishtaki polisi. Mke wangu hajui lolote."
Baba wa watatu, Katuba

Baba wa watatu,

Usitie sahihi barua hiyo ya kuacha kazi. Anayeacha kazi kwa hiari yake hujifungia mwenyewe mlango wa kudai kwamba alifukuzwa bila sababu, na ahadi ya mdomo kuhusu polisi huna pa kuidai. Tena najiuliza: mwenye ushahidi wa wizi anahitaji sahihi yako ya nini?

Kanuni ya Kazi, yaani sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002, katika kifungu cha 74, inahesabu kukosa uaminifu kuwa kosa kubwa, nalo humruhusu mwajiri kuvunja mkataba papo hapo. Hata hivyo, kifungu cha 72 kinamtaka akujulishe kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe, na kutoka mwanzo wa Mei hadi mwisho wa Juni muda huo umepita mbali. Huenda akajitetea kwamba uchunguzi ulikuwa ukiendelea. Kwa hiyo tafuta nakala ya karatasi ya hesabu yenye tarehe, na uulize ni nani wengine walioshika funguo za depo.

Mimi naona upinge. Anzia kwa Inspekta wa Kazi, ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya kazi, kwa sababu Mahakama ya Kazi haipokei shauri la mfanyakazi mmoja kabla ya usuluhishi kujaribiwa huko. Mahakama ikiona sababu si halali, inaweza kuagiza urudishwe kazini au ulipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36, na hicho ni kikomo tu, usianze kukipangia bajeti.

Zile dola 60 ndizo zilizonifanya nisome barua yako mara mbili. Unaziandika kana kwamba kuzirudisha kulifuta kuzichukua, ilhali fedha ya kasha iliyochukuliwa bila ruhusa ni ukosefu wa uaminifu hata ikikaa mfukoni siku mbili tu. Barua ya mwajiri inataja simenti, basi jibu simenti. Lakini usithubutu kumwambia Inspekta kwamba hujawahi kugusa mali ya kazi, maana neno hilo likivunjika mbele yake, hata lile la kweli kuhusu mifuko 40 halitasikilizwa. Ukiulizwa, sema ilivyokuwa, pamoja na minerval.

Mkeo mwambie leo, yote mawili, kabla ya wito kufika nyumbani na kusomwa na yeye kwanza. Atakasirikia zaidi ukimya wako kuliko dola zenyewe. Ndivyo ningekasirika mimi.

Hata mambo yakienda vibaya, unamdai mwajiri hati ya mwisho wa kazi, inayotaja aina ya kazi na tarehe zako, bila neno la wizi. Idai kwa maandishi wiki hii.