Queen hawakukodi kwaya

Uliyeuliza ni kwaya gani inayoimba kwenye Bohemian Rhapsody, wimbo wa bendi ya roki ya Queen: hakuna kwaya. Ni watu watatu tu, Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirekodi juu ya sauti zao wenyewe, tabaka juu ya tabaka. Zile sauti kali za juu kabisa ni za Roger, mpiga ngoma. John Deacon, mpiga gitaa la besi, hakuimba. Tepu ya kurekodia ilipitishwa kwenye mashine mara nyingi mpaka ikachakaa, mwanga ukawa unapenya! Kwangu A Night at the Opera (1975) ndiyo albamu yao bora. Sikiliza pia wimbo wa '39 humo, utunzi wa Brian: wasafiri wa angani wanarudi nyumbani, wanakuta miaka 100 imepita.