Kumba si kumbi: kuhusu orodha ya fundi wako

Mwanangu,

Umeniuliza kama “makuti ya kumba 60” aliyoandika fundi kwenye orodha ya ua wako wa Mkuranga ndiyo yale “makumbi” ambayo jirani anataka kukuuzia kwa gunia. Siyo. Usimlipe jirani kwanza. Vyote viwili vinatoka kwenye mnazi, lakini kumba ni habari ya majani na kumbi ni habari ya nazi.

Kumbi ni ganda la nje la nazi, lile la nyuzinyuzi linalobaki pale kwenye kifuo nazi ikishafuliwa. Kifuu ni kile kigumu cha ndani, usivichanganye. Kwa kawaida utasikia wingi tu, makumbi, kwa kuwa hakuna anayenunua moja.

Kumba nalo halitembei peke yake, linafuatana na kuti. Kuti la kumba ni kuti ambalo vijani vyake vimesukwa vikiwa bado vimeshikana na upongoo, ule uti mrefu wa katikati. Kuti likiwa bichi hupasuliwa upongoo kwa urefu, ukapata nusu mbili, kisha kila nusu ikasukwa kwa mshazari, kijani kimoja juu, kimoja chini, mpaka ncha zikafungwa. Lisukwe mapema baada ya kukatwa. Likishakauka vijani vinavunjika kwenye mikunjo na kuti linakuwa na matundu. Likianza kukauka, lilowekwe usiku kucha ndipo lisukwe. Ukipelekewa mzigo, kunja kona ya kuti moja: likilia na kupasuka, lilisukwa kavu.

Fundi akikuandikia “makuti ya viungo”, hayo ni mengine tena. Hapo vijani vimeng'olewa kwenye upongoo, vikakunjwa juu ya kijiti na kushonwa vikiwa vimebanana. Ni ya kuezekea. Kumba ukiliezeka litavuja, maana msuko wake una nafasi na maji hayateremki moja kwa moja. Kwa ua linafaa kuliko viungo: linapitisha upepo, na nusu ya upongoo inalipatia kuti mgongo wa kufungia.

Sasa hesabu ya fundi. Ua wako ni mita 20, kimo kama mita 1.8. Chukua kumba la urefu wa mita 2.5 na upana wa sentimita 45. Kila mstari ulalie wa chini yake kwa sentimita 10, na kila kuti lipandane na la pembeni kwa sentimita 20. Unapata mistari 5 ya makuti 9, yaani 45. Ongeza matano ya kuharibika, 50. Fundi ameandika 60, kumi zaidi; si wizi, lakini muulize makuti yake yana urefu gani kabla hujakubali. Ya minazi michanga au yaliyokatwa ncha yanaweza kuwa mafupi, na hapo hata 60 hayatoshi.

Aanze kufunga chini kwenda juu, mgongo wa upongoo ukiwa juu, ili mvua iteremke nje. Mstari wa kwanza usiguse udongo. Acha upana wa kiganja, la sivyo mchwa watapanda na utaanza kubadilisha kutokea chini wakati juu bado kuko sawa.

Makumbi ya jirani yana kazi yake, ila si hiyo. Kamba ya kufungia ua inatokana nayo, lakini si kwa makumbi makavu ya gunia. Ya kamba hufukiwa kwenye mashimo ya ufukweni maji yanakofika, yakakandamizwa kwa mawe, yakakaa miezi mpaka nyama inayoshika nyuzi ioze. Kisha hupigwa kwa gongo, husafishwa na kusokotwa. Yakifukiwa juu mno, maji yasikofika, hayalainiki na nyuzi hukatika zikipigwa. Kamba hiyo inavumilia maji ya chumvi, ndiyo maana mitepe, vyombo vya kale vya baharini vya Lamu, ilishonwa kwayo badala ya misumari. Nunua iliyokwisha sokotwa, usijisumbue.

Ukipenda, chukua gunia moja la makumbi kwa ajili ya miche yako. Yachane vipande, yapange chini ya vyungu na juu ya udongo, yanashika maji vizuri. Uliza kwanza kama yamewahi kulowekwa baharini. Yakiwa hivyo, yaloweke kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kumwaga mara mbili tatu, kwa sababu chumvi itaunguza ncha za majani kabla hujajua imetoka wapi.

Kwenye simu na fundi sema “makuti ya kumba” kwa ukamilifu. Ukisema “kumbi” tupu, mtu wa mjini anaweza kufikiri unatafuta ukumbi wa harusi.

Mama yako