Mabilioni ya chipu: pesa hutoka lini?

SWALI: Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 ya kusaidia ujenzi wa viwanda vya chipu. Mbona kiwanda cha Intel kule Ohio bado hakijazalisha kitu? Pesa zimeliwa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hazijaliwa, nyingi zilikuwa bado hazijatoka. Sheria hiyo ilitenga dola bilioni 39 kwa ajili ya viwanda vya chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta na simu, lakini hakuna anayekabidhiwa kitita mkononi. Kampuni huomba kwa Wizara ya Biashara, hutia saini makubaliano ya awali yasiyomfunga yeyote, kisha hukaguliwa hesabu, soko na wateja wake. Mkataba hufuata baada ya hapo. Hata ukishasainiwa, kampuni hutanguliza fedha zake na kulipwa kwa awamu, kadiri jengo linavyosimama, mitambo inavyofungwa na uzalishaji unavyoanza.

Magazeti hutangaza makubaliano ya awali kama vile hundi imekwisha andikwa. Ukiona neno "hadi" mbele ya kiasi, tulia. Samsung iliahidiwa hadi bilioni 6.4 Aprili 2024. Ilipopunguza mradi wake wa Texas, mkataba wa Desemba ukashuka hadi bilioni 4.745. Intel nayo ilisaini bilioni 7.86 Novemba 2024, lakini kufikia Agosti 2025 ilikuwa imelipwa bilioni 2.2 tu. Bilioni 5.7 zilizobaki serikali ikaamua kuzigeuza hisa, na kwa kuongeza bilioni 3.2 za mpango mwingine wa chipu za ulinzi, ikapata karibu asilimia 10 ya kampuni. Kuanza kwa kiwanda cha Ohio kumesogezwa mpaka 2030 au 2031, kwa kuwa Intel inataka kwenda na mahitaji ya soko. Ruzuku hujenga ukuta, wateja haileti.

Kwa maoni yetu, msaada usiozungumzwa sana ndio wenye uzito: nafuu ya kodi ya asilimia 25 ya gharama za jengo na mitambo, iliyopandishwa kuwa 35 kwa mali inayoanza kutumika kuanzia 2026. Sharti ni ujenzi uanze kabla ya mwaka huo kwisha.

SWALI: Kenya inaweza kuomba?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ruzuku za viwanda, hapana, kiwanda lazima kiwe Marekani. Ila sheria ileile ina mfuko wa dola milioni 500 wa ushirikiano na nchi nyingine. Mbali na huo, mwaka 2024 shirika la Marekani la biashara na maendeleo lilitangaza takriban dola milioni 1.3 kwa kampuni ya chipu ya Semiconductor Technologies Limited ya Nyeri, kwa ajili ya upembuzi yakinifu. Fedha za ujenzi wenyewe hazimo humo.