Muulize Shangazi: Nijianike pamoja na dagaa?

Shikamoo Shangazi. Ninauza dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma. Wateja wangu wakubwa wako Dar es Salaam na Dodoma, mzigo natuma kwa basi. Nimempa kijana kazi ya kunitengenezea matangazo ya WhatsApp na Instagram. Anaandika "Tunakuletea bidhaa bora kwa bei rafiki, karibu tukuhudumie", na picha anazitoa mtandaoni. Yanapendeza, ila hakuna anayeuliza kitu. Shoga yangu ananiambia nijitokeze mwenyewe, niongee kama ninavyoongea sokoni. Mimi ni muongeaji, na Kiswahili changu kimechanganyika na Kiha. Mume wangu anasema huko ni kujianika. Nifanyeje?
Mama Dagaa, Kibirizi

Marahaba mwanangu. Mwakeye, nikusalimu kwa Kiha chako.

Hayo matangazo uliyonitumia nimeyasoma. Ukifuta neno dagaa, hakuna atakayejua kama unauza samaki, simenti au sare za shule. Na hao "tunakuletea" ni akina nani, wakati uko peke yako na beseni lako? Mtu wa Dodoma anatakiwa amtumie pesa mtu asiyemjua, kisha akae asubiri basi. Anaogopa kuliwa hela, na anaogopa kufungua mfuko akute nusu yake mchanga. Kijana wako hajagusa hata hofu moja kati ya hizo.

Barua yako nimeifupisha, lakini kuna mahali uliandika kwa hasira kwamba wateja wanakusumbua wakitaka dagaa wa jana usiku, na huku ni mbalamwezi. Hilo ndilo tangazo, mama! Lirekodi kwa sauti yako hivyohivyo: "Jamani, mwezi unawaka, taa za wavuvi hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki. Anayewauzia wa jana usiku muulizeni kawavua wapi. Wangu ni wa giza lililopita, wamekauka vizuri, kilo ni shilingi kadhaa." Hapo kwenye kadhaa taja bei yenyewe. Hii tabia ya "bei njoo inbox" mimi inanikera, na nadhani siko peke yangu.

Picha nayo iwe ya mkono wako: kiganja kimoja dagaa wa chanjani, kingine wa kuanikwa mchangani, useme yupi ni yupi na kwa nini bei zao hazilingani. Mteja akikuona unamwonyesha hata wale wa bei ndogo, ataamini unachosema juu ya wale wa bei kubwa. Na shida ikija usijifiche. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Likitokea jambo kama hilo tena, waambie umebaki na magunia mangapi, yakiisha yameisha, halafu wauzie mawese.

Kiha chako kiache kilivyo. Watakaocheka watacheka, Mha aliyeko Mbagala akisikia sauti ya kwao atakutafuta kabla hujamaliza sentensi. Wala hujaambiwa ucheze mbele ya simu kama vijana. Kama si tabia yako, wateja watajua unaigiza.

Mumeo, kwa upande mmoja, ana hoja. Watoto, nyumba na ugomvi wenu wa ndani visionekane, na mdaiwa usimtangaze hata kama amekuudhi. Uso si lazima. Sauti na mikono vinatosha, na huenda hapo mkaelewana. Rekodi asubuhi wakati wa kuanika, maana status ya WhatsApp inadumu saa 24 tu, na mpishi anaamua mboga mchana.

Kijana usimfukuze. Aje Kibirizi apige picha palepale chanjani, na maneno ayaandike kama ulivyoyatamka. Akirudia "tunakuletea", mkate posho.